Jua lilinilipukia nikiwa nasoma

Mara ya kwanza jua liliponilipukia sikuwa naliangalia. Nilikuwa chini ya ganda la sayari inayobomoka, ndani ya mji unaoning'inia juu ya shimo jeusi, nikimulika kwa kurunzi maandishi yaliyojikunja ukutani mfano wa konokono. Yalikuwa mabishano ya wanasayansi waliokufa zamani sana, na nilikuwa nimeanza kuwapenda. Muziki ukabadilika, sikuutilia maanani. Kisha mwanga wa buluu ukaja ukafuta kila kitu, nikajikuta nimelala chali kando ya moto, macho angani, pale pale gemu ilipoanzia.

Gemu hiyo ni Outer Wilds ya Mobius Digital, iliyotoka mwaka 2019. Ilianza kama kazi ya masomo ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, na mwaka 2020 ikapewa tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Wewe ni kiumbe mwenye macho manne, unakabidhiwa chombo cha anga kilichoungwaungwa kwa mbao na mabati, unaachiwa mfumo mzima wa jua uutembelee utakavyo. Kila baada ya dakika 22 jua linakufa na kila kitu kinarudi mwanzo, isipokuwa yale unayoyajua.

Nimecheza gemu nyingi za anga zenye bunduki za mionzi na majeshi ya wageni kutoka nyota za mbali. Nyingi, ukizivua vazi la anga ukazivika la vita vya mapanga, hazipotezi kitu. Zilizonikaa moyoni ni chache, na karibu zote zina tabia moja: zinabadili kanuni moja ya ulimwengu, hazinihutubii kuihusu, zinanikabidhi mikononi nihangaike nayo mpaka niielewe. Hadithi iliyoandikwa inaweza kunieleza kanuni hiyo vizuri sana. Gemu inaniacha niikosee, nilipe kosa langu, nijaribu tena, na nikija kuielewa nimeielewa kwa vidole.

Katika Outer Wilds huongezewi nguvu wala hupewi silaha. Chombo unachorukia dakika ya kwanza ndicho utakachomalizia. Anayejua njia anaweza kuimaliza gemu nzima ndani ya mzunguko mmoja. Asiyejua atatumia saa ishirini na zaidi, na saa hizo zote zinakwenda katika kujua. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hapa ni ujinga wako mwenyewe. Mlango ulioupita mara kumi kumbe haukuwa umefungwa hata siku moja, ila hukujua unafunguka saa ngapi.

Kuna sayari pacha ambazo mchanga humwagika kutoka moja kwenda nyingine kama saa ya mchanga. Mapango ya moja yanazikwa kadiri dakika zinavyokwenda, na ya pili inafukuliwa minara yake. Ukichelewa, pango linajaa nawe umo ndani. Gemu nyingine huniwekea muda kama tarakimu zinazohesabu kwenye kona ya skrini, nami hujifunza kuzipuuza. Hapa muda ulikuwa mchanga unaopanda miguuni, na sikuweza kuupuuza.

Kuna pia mwezi unaohama pale tu usipouangalia. Geuza macho, ukirudisha haupo, umeshahamia kwenye sayari nyingine. Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno, nilikuwa nimeisoma kwa juu juu, kama wengi wetu, nikatikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa. Hapa nilipewa kamera na mwezi mkaidi. Nilizunguka nao jioni mbili nzima. Nilipogundua namna ya kuufikia nilisimama katikati ya chumba nikiwa peke yangu, mikono kichwani, kwa furaha ambayo gemu chache zimewahi kunipa. Sitasema namna hiyo ni ipi. Ukiambiwa, umeporwa.

Na kuna kichaka cha miiba chenye ukungu, makao ya samaki wakubwa vipofu wenye taa kichwani. Hawaoni, bali wanasikia. Nilizima injini nikaacha chombo kielee chenyewe katikati yao, na mimi huku kwenye kiti nikashika pumzi, ingawa kelele pekee wanayoisikia ni ya injini.

Mfumo huo wa jua ni mdogo mno. Sayari unayozaliwa unaizunguka kwa miguu kwa dakika chache. Ndiyo maana gemu inayojitangaza kwa idadi ya sayari zake hainisisimui hata kidogo, ingawa najua hamu hiyo ya ukubwa ina historia nzuri. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, wakaingiza humo galaksi nane zenye sayari 256 kila moja. Hawakuzihifadhi mahali popote. Hesabu ilizizalisha upya kila zilipohitajika, kutoka katika namba chache za mwanzo, na kwa kuwa namba hizo hazikubadilika, sayari uliyoiacha jana uliikuta vile vile leo. Hilo nalistaajabia mpaka sasa. Ni umahiri uliozaliwa na ufinyu.

Mbinu ya aina hiyo, ikikuzwa kupita kiasi, ndiyo iliyozaa No Man's Sky ya Hello Games mwaka 2016. Sayari zake ni zaidi ya kwintilioni 18, yaani bilioni 18 mara bilioni moja, au 2 kwa kipeo cha 64. Sayari yangu ya kwanza niliipenda kama mtu anavyopenda chumba chake cha kwanza cha kupanga. Nilijua kila jabali lake. Ya pili niliipenda pia. Kufikia ya nane nilikuwa nimeshaona mshono: nyasi zile zile kwa rangi nyingine, mnyama yule yule kwa pembe nyingine. Hello Games hawakuiacha hapo. Wameiongezea mambo bure mwaka baada ya mwaka, na sasisho la NEXT la Julai 2018 ndilo lililoleta uwezo wa kweli wa kucheza pamoja na kuonana uso kwa uso. Nimerudi mara kadhaa. Nimejenga nyumba kando ya ziwa la zambarau na nimekaa mle mvua ya sumu ikinyesha nje, na nimepumzika kwelikweli. Mahali pa kupumzikia ni zawadi, siidharau. Lakini ulimwengu ule haujawahi kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Starfield ya Bethesda, ya mwaka 2023, ilikuja na sayari zaidi ya 1,000. Niliyafurahia zaidi masaa ya kukiunda chombo changu, kupanga vyumba na kuchagua mabawa, kuliko ya kukirusha. Safari ndefu unairuka kwa kuchagua nukta kwenye ramani. Anga isiyosafiriwa haina ukubwa wowote hata ukiijaza nyota.

Umbali wa kweli nilifunzwa na Kerbal Space Program, gemu ya kuunda na kurusha roketi, kazi ya Squad ya Mexico, iliyoanza kutolewa mwaka 2011 na kufikia toleo kamili mwaka 2015. Wapo wanaobisha kwamba hiyo si bunilizi ya kisayansi kwa sababu kanuni zake ni za kweli, au karibu na kweli. Mimi naiweka humu bila kusita. Mara ya kwanza nilipotaka kukutanisha vyombo viwili katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka sayari, nilifanya ambacho akili yoyote ya ardhini ingefanya: chombo kiko mbele yangu, nakielekea, naongeza mwendo. Kikazidi kuniacha. Nikaongeza tena. Kikaniacha zaidi. Kumbe ukijisukuma mbele unapanda mzingo wa juu zaidi, na kule juu mzunguko mmoja huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo unabaki nyuma. Wa kumkuta aliye mbele anapaswa kufunga breki, ashuke chini, azunguke upesi, kisha apande tena. Baadaye nikaja kusoma kwamba Juni 1965, kwenye safari ya Gemini 4, rubani James McDivitt alijaribu kukisogelea kipande cha roketi yake ya Titan kwa kukielekea vivyo hivyo, na akashindwa vivyo hivyo. Sijui kama kuna aina nyingine ya sanaa ambayo ingeniweka ndani ya kosa la mtu huyo, nikalifanya kwa imani ile ile, kabla hata ya kujua kwamba aliwahi kulifanya.

Subnautica ilinifundisha kwa hofu. Meli ya anga Aurora imeanguka kwenye sayari 4546B, ambayo karibu yote ni bahari, na wewe una pumzi ya sekunde 45. Toleo kamili lilitoka Januari 2018. Hakuna bunduki za kuua. Charlie Cleveland, aliyeongoza kazi hiyo, ameeleza kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook, Marekani, ya mwaka 2012 yalichangia uamuzi huo, na kwangu ni uamuzi uliofanya gemu kuwa kubwa. Ukikutana na kiumbe mrefu kuliko jengo, swali la namna ya kumuua halipo. Linabaki la namna ya kuishi naye jirani: anapita wapi, anasikia nini, naweza kupita saa gani. Nilijifunza ngurumo zao nikiwa nimevaa hedifoni gizani, roho mkononi, na polepole hofu ikageuka kuwa maarifa, kama inavyompata mvuvi anayeijua bahari yake. Nusu ya mwisho ina karantini na ugonjwa na mashine za kale, na ni nzuri. Bado kitu ninachokikumbuka kwanza ni jinsi rangi ya maji inavyokolea ukishuka, na mkono unavyokataa kubonyeza kitufe cha kushuka zaidi.

Sasa ni zamu ya gemu iitwayo SOMA. Kama hujaicheza, ruka aya nne zijazo, nakuomba kwa dhati, kwa sababu siwezi kuisifu bila kuifunua.

SOMA ilitoka Septemba 2015, kazi ya Frictional Games ya Sweden. Simon Jarrett, kijana wa Toronto aliyeumia kichwa katika ajali ya gari, anakwenda kupigwa picha ya ubongo. Anaketi kitini. Anapofumbua macho yuko kwenye kituo cha utafiti chini ya bahari ya Atlantiki, mwaka 2104, mwaka mmoja baada ya nyotamkia kuipiga dunia. Kila mara anapokutana na mashine zilizovunjika zinazozungumza kama watu, zikilalamika maumivu ya miili ya kibinadamu ambayo hazina, anashangaa. Nami nilishangaa pamoja naye. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tulikuwa tunazishangaa ndugu zetu.

Kanuni iliyobadilishwa ni moja tu: akili ya mtu inaweza kunakiliwa. Angalia neno, kunakiliwa. Si kuhamishwa. Gemu inakwambia hivyo mapema, kwa maneno ya wazi kabisa, na wewe husikii. Husikii kwa sababu macho yako yanaikanusha. Ulikuwa Toronto, sasa uko hapa, na hapakuwa na mkatiko; bila shaka umehama.

Kisha inafika saa ya kushuka kwenye kina ambacho vazi lako haliwezi kukihimili. Catherine Chun, mwanasayansi ambaye sasa ni nakala ndani ya kifaa unachokibeba mkononi, anakuelekeza uketi ili akili yako iingizwe katika vazi jingine. Unaketi. Giza. Unafumbua macho katika vazi jipya. Na kutoka kwenye kiti kile cha pili unaisikia sauti yako mwenyewe, imechanganyikiwa, ikiuliza mbona bado yuko pale pale. Simon aliyeketi hakwenda popote. Anapitiwa na usingizi, na wewe unaachiwa uamuzi: kummalizia betri akiwa amelala, au kumwacha aamke peke yake katika kituo kilichokufa. Niliweka pedi ya kuchezea mezani. Nilitembea. Nilirudi. Nilimwacha aamke, na mpaka leo siamini kwamba nilifanya jambo la huruma. Nadhani sikuweza tu kuwa mimi ninayejizima.

Hadithi za watu kunakiliwa ni nyingi, ila hapa silaha iliyotumika ni ya gemu peke yake. Katika gemu ya namna hii, mimi ni kamera. Kamera ikienda, nimekwenda. Watengenezaji waliichukua tabia hiyo ambayo miaka yote nimeichukulia kama hewa, wakanionyesha kwamba ilikuwa dhana tu, tena dhana isiyo na msingi wowote ndani ya ulimwengu wenyewe. Kwenye kiti kile aliachwa mtu mwenye haki sawa na mimi ya kusema "mimi". Anayelalamika kwamba kujificha na majitu kunapunguza mwendo wa gemu ana haki. Tangu Desemba 2017 kuna namna ya kucheza ambayo majitu hayakuui, na kwa mchezo wa pili niliichagua. Hofu ya kweli haikupungua hata chembe, kwa sababu haikuwa imewahi kutoka kwa majitu.

Citizen Sleeper, ya mwaka 2022, inaliendeleza swali hilo kwa upole zaidi. Wewe ni nakala ya mtu aliyeuza akili yake, umewekwa katika mwili ambao ni mali ya kampuni na ambao umeundwa uharibike, ili usitoroke mbali. Kila siku unarusha dadu, hadi tano mwili ukiwa mzima, na kila dadu ni kazi moja unayoweza kuifanya. Mwili ukichakaa, dadu zinapungua. Sijaona gemu nyingine iliyoelewa hivyo kwamba umaskini ni upungufu wa asubuhi: unaamka, unahesabu ulichonacho, na tayari unajua leo kipi hakitafanyika. Ni maandishi na michoro tu, na ni kati ya kazi nzuri kabisa za anga nilizozicheza.

Kipimo changu kinavunjika kwa Mass Effect, na nakubali kukivunja. Zile gemu tatu za BioWare, za mwaka 2007, 2010 na 2012, hazinikabidhi kanuni yoyote mikononi. Napiga risasi, nazungumza, napiga risasi. Lakini zina krogan. Ni jamii iliyozaana kwa kasi na kupigana mpaka jamii nyingine zikawatengenezea ugonjwa, genophage, unaoacha mimba moja tu kati ya 1,000 izae mtoto aliye hai. Katika gemu ya pili unakutana na Mordin Solus, daktari anayesema haraka haraka na kuimba akiwa kazini, mmoja wa walioukarabati ugonjwa huo ulipoanza kudhoofika. Anautetea kwa hesabu. Unasafiri naye, unamzoea, unaona hesabu zile zikianza kumlemea mnapokuta maiti ya mwanamke wa krogan aliyejitolea kufanyiwa majaribio kwa tumaini la mtoto. Katika gemu ya tatu anapanda mnara kwenda kuuponya ugonjwa huo kwa mikono yake, na ukimwacha apande, hatashuka.

Kelele za mwaka 2012 kuhusu mwisho wa Mass Effect 3 nazikumbuka, rangi tatu na milipuko mitatu inayofanana, hadi Juni mwaka huo ikatolewa nyongeza ya bure ya kuurefusha. Walalamikaji walikuwa na hoja. Mimi sikuumia sana, kwa sababu kwangu gemu zile tatu zilikwisha pale mnarani. Yaliyofuata niliyacheza kama mtu anayekaa na wafiwa baada ya mazishi.

Nimeiacha NieR: Automata hadi mwisho kwa sababu ndiyo iliyonidai zaidi. Ni ya mwaka 2017, imeongozwa na Yoko Taro, na hapa nafunua mwisho wa mwisho, ule wa tano. Baada ya androidi, yaani roboti wenye umbo la watu, na mashine kuuana kwa sababu ambazo pande zote mbili hazikuzijua, majina ya watengenezaji yanaanza kupita kwenye skrini, na majina hayo yanakupiga risasi. Unakiongoza kijichombo kidogo na unakufa. Unajaribu tena, unakufa. Gemu inakuuliza kama unakubali kushindwa. Ukikataa mara za kutosha, unapewa msaada: vyombo vya wachezaji wengine, watu halisi, vinakuzunguka na kuchukua risasi badala yako, na kila kimoja kikilipuka linatokea jina la mwenyewe na taarifa kwamba data zake zimepotea.

Nikapita. Kisha likaja swali. Je, ningependa kumsaidia mtu nisiyemjua, ambaye huenda nisingempenda, apite pale nilipopita? Bei yake ni mchezo wangu wote niliouhifadhi, silaha, kumbukumbu, masaa, kila kitu, na hakutakuwa na shukrani. Linauliza mara ya pili kama nina hakika. Na tena.

Nilikaa na pedi mikononi kwa muda mrefu. Wale walionizunguka walikuwa wamekaa hivi hivi, kila mmoja mbele ya skrini yake, na walibonyeza. Nikabonyeza. Kurasa zikafutwa moja moja mbele ya macho yangu, orodha ya silaha, ramani, misheni, mpaka ikabaki skrini nyeupe na sauti ya pumzi yangu. Nilipoiwasha gemu asubuhi yake, hapakuwa na cha kuendeleza, ni kuanza upya tu.